Kiti, Fimbo na Isale Lisilopelekwa: Maana Fiche za Ada za Nyumba ya Utawala katika Ngano ya Mrile ya Uchagani

Ikisiri

Bunilizi ya kifantasia mara nyingi huipa nyumba ya watawala ada ambazo wenyeji huzitenda bila kueleza sababu, na msomaji huachiwa kazi ya kutafuta nguvu za ajabu zilizojificha ndani yake. Makala haya yanachunguza namna maana hizo fiche zinavyojengwa katika ngano ya Mrile ya Wachaga wa Kilimanjaro, na kuilinganisha na riwaya ya Shaaban Robert, Adili na Nduguze. Makala yanadai kwamba siri za ada katika bunilizi ni za aina mbili: siri ya kufumbuliwa, ambayo huisha inaposimuliwa, na siri ya kutendwa, ambayo hubaki na nguvu hata ikijulikana na wote. Ngano ya Mrile inatumia siri ya aina ya pili. Kutozitenganisha aina hizi mbili kumefanya ada za nyumba za mangi zisomwe kama ushirikina uliofichwa, ilhali ni mfumo wa kauli zenye kufunga watu.

1.0 Utangulizi

Nyumba ya mtawala ni mahali panapopendwa sana na watunzi wa bunilizi za kifantasia. Humo hutajwa chumba kisichofunguliwa, chakula kisicholiwa na mtoto wa kwanza, pete isiyovuliwa, au adhabu inayotolewa kila usiku pasipo mtu kuambiwa kosa. Ada za namna hii huwa na kazi mbili. Kwanza, huitofautisha nyumba hiyo na nyumba nyingine. Pili, humfanya msomaji aamini kwamba yapo yasiyosemwa. Kwa sababu hiyo, usomaji wa kawaida wa bunilizi hizi umekuwa usomaji wa kufungua: msomaji huitazama ada kama kufuli, kisha hutafuta ufunguo.

Usomaji huo unafaa kwa matini nyingi, lakini haufai kwa zote. Unapopelekwa kwenye fasihi simulizi ya miteremko ya Kilimanjaro huzaa matokeo mabaya, kwa kuwa humlazimisha mchambuzi kuuliza ni uchawi gani umefichwa, wakati matini yenyewe haikuficha kitu. Makala haya yanajibu maswali mawili. Je, maana ya kimuujiza ya ada inakaa wapi katika ngano ya Mrile? Na je, mahali hapo panatufundisha nini kuhusu ada za nyumba za mangi zilizokuwapo kweli?

2.0 Matini na Mipaka ya Uchambuzi

Ngano ya Mrile, au Murile kama jina lake linavyoendelezwa katika baadhi ya maandishi, ilijulikana nje ya Uchagani kupitia kazi ya Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyefanya kazi kwa miaka mingi Old Moshi na kuchapisha mkusanyo wa masimulizi ya Wachaga huko Leipzig mwaka 1914. Alice Werner aliisimulia upya kwa Kiingereza katika kitabu chake cha visasili vya Wabantu cha mwaka 1933. Hivyo, msomaji wa leo asiyejua Kijerumani huipokea ikiwa imevuka lugha mbili baada ya Kichaga. Kichaga chenyewe si lugha ya sura moja: Kimochi, Kimashami, Kivunjo na Kirombo hutofautiana kiasi cha kuwatatiza wasemaji wa pande mbili za mlima. Kwa sababu hiyo, uchambuzi huu haujengi hoja juu ya neno mojamoja. Unajengwa juu ya vitu viwili vinavyovuka tafsiri bila kupotea: mfuatano wa matukio na aina za kauli zinazotamkwa.

Kwa ufupi, ngano inakwenda hivi. Mrile ni mtoto wa kwanza kati ya wana watatu. Siku moja akiwa shambani na mama yake anaona gimbi la mbegu na kulisifu kuwa ni zuri kama mdogo wake. Mama anacheka. Mrile analificha gimbi ndani ya mti wenye uwazi na kulitamkia maneno, nalo linakuwa mtoto. Anamlisha kwa siri chakula chake mwenyewe hadi anakonda. Siri inapogunduliwa, mama anamuua mtoto yule. Mrile analia na kusingizia moshi wa jikoni, anaambiwa akakae kwenye kiti cha baba yake, naye anakiamuru kiti kipande juu. Kiti kinapaa hadi mbinguni. Ndugu na wazazi wanamsihi arudi, anakataa. Huko juu anauliza njia ya kwenda kwa Mangi wa Mwezini. Anakuta watu wanaokula vyakula vibichi, anawafundisha kuwasha moto, na kwa hilo anapewa mifugo mingi. Baadaye anatuma ndege apeleke habari nyumbani, kisha anarudi na mifugo yake. Anapochoka njiani, fahali mmoja anajitolea kumbeba kwa sharti kwamba Mrile hatakula nyama yake. Fahali anazeeka, anachinjwa, na mama anachanganya mafuta yake katika chakula cha mwanawe. Mrile anakula, nyama inasema, naye anadidimia ardhini hadi anatoweka.

3.0 Siri ya Kufumbuliwa na Siri ya Kutendwa

Todorov (1970) aliifafanua fantasia kuwa ni hali ya kusita: msomaji, na mara nyingi mhusika pia, hubaki katikati ya maelezo ya kawaida na maelezo ya kimuujiza. Mfano mzuri wa kusita huku katika Kiswahili ni Adili na Nduguze, riwaya iliyochapishwa mwaka 1952. Adili ni liwali anayeheshimika chini ya Mfalme Rai. Mjumbe wa mfalme anapolala nyumbani kwake, anamwona mwenyeji wake usiku akiwapiga mijeledi manyani wawili, kisha akiwahurumia na kuwalisha. Hapa pana ada ya nyumba ya kiungwana iliyo kinyume na tabia ya mwenye nyumba. Mjumbe anasita, mfalme anasita, na msomaji anasita nao. Kusita kunakwisha pale Adili anapoitwa mbele ya mfalme na kusimulia: manyani hao ni ndugu zake waliotaka kumwangamiza, waliogeuzwa na Huria wa majini, na mijeledi ni amri ya Huria. Masimulizi yanapokamilika, ada imekuwa wazi, na muda si mrefu inafutwa kwa msamaha.

Hii ndiyo siri ya kufumbuliwa. Nguvu yake inategemea kutojulikana kwake. Mara inaposimuliwa, ada inageuka kuwa kisa.

Ngano ya Mrile haina kusita kwa namna hiyo. Hakuna anayeuliza kwa nini kiti kinapaa. Ndugu wanakimbia kumwambia mama kwamba Mrile anakwenda juu, mama anatoka na kumsihi. Hakuna anayestaajabia kiti. Vivyo hivyo, fahali anaposema, Mrile anajibu kama anavyojibiwa mtu. Kwa kuwa hakuna kusita, hakuna pia ufumbuzi. Maana ya kimuujiza haikufichwa ndani ya ada ikingoja msimulizi wa kuitoa. Hutokea wakati ada inapotendwa kwa maneno yake.

Wazo la siri isiyotegemea kutojulikana si geni katika utafiti kuhusu Wachaga. Moore (1976) alichunguza dai ambalo vijana waliotoka jandoni walifundishwa kulitetea mbele ya wanawake, kwamba mwanamume aliyekamilika amezibwa na haendi haja kubwa. Alionesha kuwa dai hilo lilikuwa bunilizi iliyotunzwa na jamii nzima: kazi yake haikuwa kudanganya, bali kuweka mpaka kati ya makundi ya watu. Makala haya yanaipa siri ya namna hiyo jina la siri ya kutendwa. Kila mtu anaweza kuijua, na bado ikafunga.

4.0 Ada Nne na Kauli Zake

4.1 Kiti cha baba

Katika Kiswahili, neno kiti limebeba maana ya mamlaka kwa muda mrefu, kama inavyoonekana katika mwenyekiti, kiti cha enzi na kiti cha ubunge. Maana hiyo haipaswi kuhamishiwa kwenye Kichaga bila uangalifu. Hata hivyo, ngano yenyewe inatoa kidokezo kilicho imara zaidi kuliko neno: kiti hiki kina mwenyewe, nacho ni cha baba aliye hai.

Katika taratibu za urithi wa Uchagani, mtoto wa kwanza na wa mwisho wana nafasi za pekee. Kitinda mimba hubaki katika nyumba na kihamba cha wazazi. Mtoto wa kwanza hupewa mahali pake kwingine, ingawa ndiye mkubwa katika mambo ya ukoo. Kwa msikilizaji anayejua utaratibu huu, mtoto wa kwanza anayeketi katika kiti cha baba yuko mahali ambapo hatakaa daima. Ngano inalichukua jambo hilo la kisheria na kulitenda kwa mwili: mtoto wa kwanza anatoka nyumbani, na anatoka pamoja na kiti.

Kauli inayomtoa ni amri yenye tashibiha. Mrile anakiagiza kiti kipande kama kamba ya baba yake inavyopandisha mzinga wa nyuki juu ya mti. Tashibiha hii si pambo. Kamba na mzinga ni kazi halisi ya baba huyo huyo mwenye kiti, na upandaji wake unajulikana. Kwa kuutaja, mtoto anadai kwa ajili ya kiti kile ambacho baba hukifanya kwa kamba. Austin (1962) alisema kwamba kauli tendi hufaulu pale msemaji anapokuwa na haki ya kuitamka. Mrile anajipatia haki hiyo kwa kuisema kazi ya baba akiwa amekalia kiti cha baba.

4.2 Njia ya kwenda kwa Mangi wa Mwezini

Katika bunilizi nyingi, mgeni hufika kwenye nyumba ya mtawala kwa neno la siri au kwa kutegua kitendawili. Mrile anafika kwa kufanya kazi. Anakuta watu wanaookota kuni na kuwauliza njia. Wanamwambia awasaidie kwanza. Kisha anakutana na wakata majani, walimaji, wachungaji, wachuma maharage, na kadhalika hadi wateka maji. Kila kundi linamwelekeza baada ya msaada.

Mfuatano huu umezoeleka kusomwa kama mbinu ya kurefusha simulizi. Unastahili kusomwa pia kama orodha ya huduma. Mangi wa Uchagani alikuwa na haki ya kuwaita watu wake kazini kwa marika yao, na nyumba yake ilisimama juu ya kuni, majani, maji na mazao ya watu hao. Anayepita katika makundi haya yote akifanya kazi ya kila moja anakuwa amelipa utumishi wote unaodaiwa na nyumba ya utawala kabla hajaiona. Hivyo njia na ada ni kitu kimoja: njia haioneshwi kwa mtu asiyeitumikia.

Ndani ya nyumba hiyo pana ada ya ajabu, nayo ni kula vibichi. Mtu angetarajia kwamba ada ya nyumba ya mwezini ina maana kubwa iliyofichwa. Ngano inaonesha kwamba haina. Wenyeji hawana moto tu. Siri kubwa ya nyumba ya utawala ni upungufu, na mgeni ndiye mwenye nacho. Ikumbukwe kuwa Mrile aliondoka nyumbani akisingizia moshi wa jiko. Kule alikotoka moto ulikuwapo na mtoto aliuawa. Kule alikofika moto haukuwapo na mgeni alipokewa. Ngano inavitenganisha utajiri wa nyumba na wema wake bila kutoa hotuba.

4.3 Mjumbe na fimbo

Mrile anapotaka kutuma habari, hamteui ndege kwa mbawa. Anamuuliza kila mmoja atasema nini akifika, na kuwakataa hadi anapompata yule ambaye kauli yake inafaa. Hili ni jaribio la umahiri wa lugha, na linalingana na nafasi ya msemaji katika baraza lolote la mtawala: mjumbe asiyejua kusema humharibia aliyemtuma.

Hata hivyo, kauli peke yake haitoshi pale msemaji na msikilizaji wanapokuwa mbalimbali. Ndipo fimbo ya baba inapoingia kama ushahidi kwamba mjumbe amefika kweli. Kiti kilitoka nyumbani kikiwa na mtoto. Fimbo inatoka nyumbani ikiwa na habari. Vitu hivi viwili vya baba ndivyo vinavyoziunganisha nchi mbili, na vyote vinafanya kazi kwa sababu vinajulikana ni vya nani.

4.4 Nyama ya ahadi

Uchinjaji katika ukoo wa Kichaga ulikuwa, na kwa kiasi kikubwa bado ni, tendo la kisheria. Kila sehemu ya mnyama ina mwenyewe kulingana na ukubwa wa mtu na uhusiano wake, na anayekula sehemu fulani anakiri nafasi yake. Mwiko wa Mrile unaeleweka vizuri zaidi dhidi ya usuli huu. Hakuahidi kutokula nyama kwa jumla. Aliahidi kutokuwa na fungu katika mnyama mmoja, yaani alijitoa katika mgawanyo wa nyumba yake kwa ajili ya mnyama aliyembeba.

Mama anaivunja ahadi isiyo yake, kwa mafuta yasiyoonekana. Hapa ndipo tofauti ya siri mbili inapojitokeza wazi. Mrile aliwaeleza wazazi sharti la fahali. Hakuna aliyefichwa. Kama nguvu ya mwiko ingetegemea usiri, kuutangaza kungeupunguza. Badala yake, mwiko unafunga pamoja na kujulikana kwake, na tena unamfunga aliyeahidi hata kama kosa limetendwa na mwingine. Apizo la nyama linampata aliyetamka ahadi, kwa sababu kauli ndiyo iliyokuwa na nguvu tangu mwanzo.

5.0 Isale Lisilopelekwa

Jambo zito zaidi katika ngano hii huenda ni lile lisilotajwa. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, jani la isale ni alama ya amani na ombi la msamaha. Aliyekosa hulipeleka, au humtuma mtu alipeleke, kwa aliyekosewa. Na anayelipokea hukabiliwa na wajibu mkubwa wa kusamehe. Masale hupandwa pia kuonesha mipaka ya kihamba na kutunza mahali pa wafu. Kwa hiyo jani moja linasema mambo matatu: hapa ni petu, hapa wamelala wetu, na tunaomba yaishe.

Mama wa Mrile anaua mtoto. Kisha, mwana anapopaa, familia nzima inamsihi kwa maneno. Hakuna anayeleta isale. Mwishoni, mama anakosa tena, na hapo pia hakuna upatanisho unaotajwa. Kwa msikilizaji wa Kibosho au Marangu, ombi la kurudi lisiloambatana na ada ya kuomba radhi ni ombi pungufu. Ngano haimlaani mama kwa maneno. Inamwonesha akiomba bila kukiri. Katika mfumo ambamo kauli na kitu hutenda pamoja, kauli bila kitu haimshushi mtu kutoka mbinguni.

Linganisha na Adili na Nduguze, ambamo msamaha unapatikana kwa simulizi kamili mbele ya mamlaka na kwa ombi la mfalme kwa Huria. Riwaya ya Shaaban Robert inaamini kwamba ukweli ukisemwa wote, adhabu inaweza kuondolewa. Ngano ya Mrile ni kali zaidi: ukweli ulijulikana na wote, na haukutosha.

6.0 Kutoka Ngano hadi Nyumba za Mangi

Tofauti hii ina uzito nje ya darasa la fasihi. Nyumba za utawala za Kilimanjaro zilikuwapo kweli: Rindi na mwanawe Meli wa Moshi, Sina wa Kibosho, Marealle wa Marangu. Cheo cha Mangi Mkuu kilishikwa na Thomas Marealle kuanzia mwaka 1952 hadi kilipofutwa mwaka 1960. Petro Itosi Marealle, ambaye mwenyewe alikuwa mangi, aliandika kwa Kiswahili kitabu Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, ambacho jina lake pekee linaweka dunia mbili katika maisha mamoja. Ada za nyumba hizi zimeandikwa mara nyingi na wageni kana kwamba sehemu yake ya maana ni ile iliyofichwa: apizo, chungu cha laana, mafuvu katika masale.

Madhara ya usomaji huo yanaonekana katika suala la Mangi Meli. Alinyongwa na Wajerumani Old Moshi tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine, na kwa vizazi kadhaa familia yake imeshikilia kuwa kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mwaka 2023, Stiftung Preußischer Kulturbesitz ya Berlin ilitangaza kuwa uchunguzi wa vinasaba umehusisha baadhi ya mafuvu yaliyomo katika makusanyo yake na familia zilizo hai nchini Tanzania. Anayesoma ada kwa ufunguo wa siri ya kufumbuliwa atauliza familia inaamini fuvu lina nguvu gani, na ataridhika akipata jibu la kiuchawi. Swali hilo limekosea mahali pa kuanzia. Zamani fuvu la mzee lilihifadhiwa penye masale ya ukoo, na kuwekwa kwake hapo kulikuwa kauli: hapa wamelala wetu, kwa hiyo hapa ni petu. Kichwa kilichochukuliwa ni kauli iliyokatizwa katikati. Familia inayodai kirudishwe haijaficha maana ya dai lake, kama Mrile asivyoficha sharti la fahali.

7.0 Hitimisho

Uchambuzi umeonesha kuwa maana ya kimuujiza katika ngano ya Mrile inakaa katika kauli zinazotamkwa juu ya vitu vyenye wenyewe: amri kwa kiti, utumishi unaonunua njia, mjumbe anayejaribiwa kwa usemi, na ahadi inayofunga kinywa. Fantasia ya ngano hii inatokana na kuichukua ada kwa maana yake ya neno kwa neno. Kiti ambacho humwinua mtu kwa heshima kinamwinua kwa mwili. Nyama ambayo humweka mtu mahali pake inamzamisha mahali pake.

Kwa walimu na wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, matokeo haya yanapendekeza swali la kuanzia. Kabla ya kuuliza ada ya nyumba kubwa inaficha nini, iulizwe kwanza kama inaficha. Katika Adili na Nduguze jibu ni ndiyo, na riwaya inatulipa kwa ufumbuzi. Katika ngano ya Mrile jibu ni hapana, na kinachobaki kuchunguzwa ni nani alitamka nini, akiwa ameshika kitu cha nani, na ni kitu gani kilichopasa kupelekwa ambacho hakikupelekwa.